Moto Uliozimwa kwa Uji

Moto wa Februari ulizimwa kwa uji. Hilo kila mtu wa Landhi Sita, nyumba za wafanyakazi wa reli, alilijua, kwa sababu uji wenyewe ulikuwa wa kuuza na wateja walikuwa tayari wameshika vikombe. Mafuta ya Akoth ya kukaangia samaki yalishika moto saa saba mchana. Upepo wa Nakuru, ambao mwezi huo kazi yake huwa ni kuhamisha vumbi kutoka ziwani hadi kwenye sahani za watu, siku hiyo ukapata kazi kubwa zaidi, na kabla watu hawajamaliza kuulizana kuna nini, vibanda vitatu vilikuwa vinawaka. Naliaka, mwenye uji, hakuuliza. Alishika mshikio mmoja wa sufuria yake kubwa, Akoth akashika wa pili, wakamwaga uji wote juu ya kibanda cha nne. Moto ukakosa pa kwenda, ukafa ukinuka wimbi. Gari la zimamoto lilipofika, dakika arobaini baadaye, liliwakuta wanawake wameketi chini, nyuso nyeusi kwa masizi, na nzi wameshafika kwenye karamu.

Wasike, mumewe Naliaka, hakuwepo. Alikuwa stesheni akigonga magurudumu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwenye reli: treni ikisimama, yeye hupita kando ya mabehewa na nyundo yake ya mpini mrefu, anagonga kila gurudumu mara moja na kusikiliza. Gurudumu lisilo na ufa huimba, ngiii, hata unahesabu mpaka tatu. Lenye ufa hutoa sauti fupi, pu, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Wasike aliyasema magurudumu kama mtu anayesema watu: huyu mzima, huyu mgonjwa. Behewa lenye mgonjwa lilitolewa njiani hapohapo, na hakuna Mzungu aliyembishia. Miaka ishirini na miwili alikuwa hajakosea. Watu walisema ukitaka kulala usingizi ndani ya treni ya Kisumu, uliza kwanza kama Wasike yuko zamu. Yeye alijifanya hasikii maneno hayo, lakini aliyajua yote, na aliwajua walioyasema na siku waliyoyasema.

Wiki mbili baada ya moto, Kiprugut, karani wa lokesheni, yaani mtaa wa Waafrika, akapigilia tangazo kwenye mlango wa ukumbi. Vibanda vyote vya chakula kando ya ua wa stesheni vitabomolewa, kumi na tisa kwa jumla, kwa sababu ya hatari ya moto. Kabla ya hapo Meya mwenyewe atakuja kuzungumza na wakazi.

"Sasa samaki yangu ndio imechoma mji mzima?" Akoth aliuliza.

Naliaka alikuwa akihesabu karo. Kibanda chake ndicho kilichokuwa kikimsomesha Nekesa, binti yao, aliyekuwa bweni mwaka wa pili. Mshahara wa Wasike ulikuwa na safari zake nyingine: kodi, nguo, wazee nyumbani Bungoma. Uji ulikuwa na safari moja tu, nayo ilikuwa shule. Kibanda kikianguka, Nekesa angerudi nyumbani Aprili na sanduku lake, na asingerudi tena shuleni.

Mkutano ulikuwa Jumamosi alasiri. Mwaka ulikuwa 1958, hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa, na watu walikuwa wamezoea kuuliza maswali kwa macho tu. Lakini ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wasike alikuja moja kwa moja kutoka zamu, nyundo mkononi, kwa maana nyundo hiyo alikuwa ameitilia sahihi na hakuthubutu kuiacha popote. Aliketi na Ogola, rafiki yake, mtia makaa wa injini.

Meya alikuwa mtu mrefu, uso mwekundu, kofia magotini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeamini karatasi, na aliyekuja nazo nyingi. Alisoma kwa Kiingereza, Kiprugut akatafsiri akiwa amesimama wima kama amemeza mti.

"Mwaka jana Baraza la Mji lilitenga pauni elfu moja na mia mbili kwa usalama wa moto katika lokesheni. Pesa hizo zimetumika zote, hata senti haikupotea. Tumesimamisha nguzo kumi na mbili za maji ya kuzimia moto. Bwana Meya anasema leo hii hakuna lokesheni iliyo salama kama hii, kutoka hapa mpaka Kisumu."

Nguzo hizo watu walizijua. Zilikuwa za chuma, nyekundu, kimo cha kifua cha mtu, na kichwa cha duara juu. Kwa vile zilisimama tu bila kufanya lolote, watu walikuwa wakiziita maaskari.

"Pauni mia kwa nguzo moja," Ogola alinong'ona. "Kwa pauni mia mimi nasimama hapo mwenyewe, mnipake rangi, na nitakuwa natema mate."

"Kwa hivyo," Kiprugut aliendelea, "hatari iliyobaki ni vibanda."

Naliaka akasimama. Wasike alihisi joto likimpanda shingoni, kwa maana mkewe hakuwa amemwambia kwamba angesimama, na kama angemwambia, angemkataza.

"Bwana Meya, mimi naitwa Mama Nekesa. Nauza uji. Hiyo nguzo iko hatua kumi na kibanda yangu. Tangu ipandwe hapo, nani ameona maji ikitoka? Mimi nataka kumjua huyo mtu nimsalimie."

Meya hakungoja tafsiri. Alijibu kwa Kiswahili chake mwenyewe cha shambani. "Maji iko, mama. Maji mingi sana. Karatasi yote iko kwa ofisi."

"Karatasi haizimi moto, bwana. Karatasi inashika."

Watu walicheka ndani ya vifua vyao. Meya naye alitabasamu kidogo, lakini masikio yake yalizidi wekundu. Akatazama huku na huku. "Nani hapa fundi ya chuma?"

Vidole vyote vikaelekea upande mmoja. Hata Ogola alinyoosha chake. "Wasike, bwana. Huyo akigonga chuma, chuma inasema yote."

Wakatoka nje wote. Nguzo moja ilikuwa mbele ya mlango wa ukumbi. Watu wakafanya duara, wanawake upande mmoja, na Wasike akajikuta katikati, nyundo mkononi, watu mia mbili wakimtazama. Hakuwahi kutazamwa hivyo. Kazi yake aliifanya siku zote peke yake, mgongo umeinama, abiria wamelala. Akagonga mara moja.

Ngiii.

Sauti ilikuwa safi, ndefu, hadi ikafika bati la ukumbi na kurudi. Hata mtoto angeisifu. Na mdomo wa Wasike, uliokuwa na mazoea ya miaka ishirini na miwili, ukasema kabla kichwa hakijaulizwa: "Mzima."

Meya akamjia na kumshika mkono mbele ya watu wote, akautikisa juu chini. "Andika hiyo, karani. Jina yake, na namba yake ya kazi." Kiprugut akaandika. Wasike alijiona mrefu. Alihisi jinsi kiganja cha Mzungu kilivyokuwa laini, akafikiria namna atakavyolisimulia jambo hilo stesheni. Kisha akamtafuta mkewe kwa macho.

Naliaka alikuwa akimtazama kama unavyomtazama mtu aliyepanda basi usilolijua.

"Basi," Meya alisema, akivaa kofia. "Maji iko. Fundi nasema. Jumamosi ingine, vibanda nakwenda."

*

Siku hiyo Wasike alipewa chakula cha mgeni. Ugali ulikuwa laini, mboga zimekaangwa vizuri, nyama imekatwa vipande vidogo. Maji ya kunawa yaliletwa, taulo ikaletwa. Hapo ndipo alipojua kwamba mambo yameharibika kabisa.

"Karibu chakula, Bwana Wasike," mkewe alisema.

Miaka kumi na sita ya ndoa alikuwa Baba Nekesa. Kumwita Bwana Wasike ilikuwa kama kumwekea kiti nje ya mlango.

"Mama Nekesa, mimi nilisema ile nilisikia."

"Ndiyo, bwana."

"Chuma ilikuwa mzima. Ningesema uongo?"

"Hapana, bwana. Wewe hata hujui kusema uongo." Akaondoa vyombo.

Wasike akalala upande wa ukutani, mkewe akalala ukingoni, na kati yao nafasi ingemtosha Ogola.

Asubuhi ya Jumapili aliketi mlangoni na kikombe cha chai, akitafuna kiazi kilichobaki. Nyuma yake, ndani, Naliaka alikuwa akifanya jambo alilolifanya kila asubuhi kabla ya kwenda bombani: kupima maji ya pipa. Pipa lao lilikuwa la mafuta ya zamani, refu, na ndani lilikuwa giza. Ukichungulia huoni kitu. Kwa hiyo aligonga ubavuni kwa kiungo cha kidole, kutoka juu kushuka chini, kama walivyofanya wanawake wote wa landhi. Ngi. Ngi. Ngi. Ngi. Pu.

"Imebaki robo," akajisemea, akachukua debe.

Wasike aliacha kutafuna. Sauti hiyo alikuwa ameisikia kila asubuhi tangu waoane, na ilipita masikioni mwake kama saa ya ukutani. Aligeuka polepole.

"Hebu gonga tena."

"Niko na haraka, Bwana Wasike. Laini ya maji itakuwa refu."

"Mama Nekesa, nakuomba. Gonga tena."

Alimwangalia, akaona uso wake, akaweka debe chini. Akagonga. Juu kulikuwa na hewa tu, na pipa liliimba. Chini kulikuwa na maji, na pipa lilijibu kwa sauti fupi, nzito, sauti ambayo Wasike angeitoa njiani na kuiandikia ripoti.

"Yenye maji inasema pu," akasema taratibu.

"Sasa yenye maji itasema nini?"

"Na ile tupu ndio inaimba."

Naliaka akaweka mikono kiunoni. Alimtazama mumewe, mtu ambaye treni nzima zililala usingizi kwa masikio yake, na kitu kikaanza kumtekenya kwenye pembe za mdomo. "Kwani wewe ulidhani ile ni gurudumu?"

"Nilidhani ni chuma."

"Debe tupu haliachi kuvika, Baba Nekesa. Hata mtoto wa shule anajua."

Aliposikia *Baba Nekesa*, Wasike aliona haya kwa ujinga wake na furaha kwa jina lake vyote kwa pamoja, akameza kiazi bila kukitafuna.

*

Hawakwenda kanisani. Walivaa nguo za kanisani, wakatoka kwa saa ya kanisani, lakini wakaelekea kwa maaskari wekundu. Nyundo ilikuwa ya reli, kwa hiyo Naliaka alichukua kijiko chake kikubwa cha chuma cha kukorogea, akakifunga ndani ya leso. Walianza na nguzo ya kibandani. Wasike aliigonga kama pipa, kutoka kichwani hadi udongoni. Ngi, ngi, ngi, mpaka chini. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, karibu na shule, iliimba vizuri kuliko zote.

Kufikia ya nane walikuwa wamesahau kwamba wamegombana. Naliaka alikuwa anakisia kabla Wasike hajagonga. "Huyu ni ndugu wa wale wengine," alisema. Ngi. "Sikukwambia?"

Ya kumi na mbili ilikuwa mbele ya kilabu cha pombe, kile cha Baraza la Mji lenyewe. Wasike akagonga.

Pu.

Wakatazamana. Akagonga juu, akagonga katikati, akagonga chini. Pu, pu, pu. Hapo ndipo wakaelewa. Kontrakta aliyelipwa kusimamisha nguzo alikuwa amezika bomba la nguzo moja tu, ile ambayo wakubwa wangekuja kuijaribu kwa sababu ilikuwa njiani wanapokuja kukagua pombe yao. Hizo nyingine kumi na moja alizipanda kama mtu anavyopanda miti ya ua.

"Nyinyi! Mnagonga mali ya serikali?"

Alikuwa askari wa lokesheni, kijana, buti zake mpya. Akataka kipande, yaani kitambulisho. Wasike akatoa. Askari akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akawaambia wakae chini.

"Chini hapa? Na suti?" Wasike aliuliza.

"Chini ni chini, mzee."

Wakakaa chini kwenye vumbi, Wasike na suti yake ya kijivu, ile ya harusi yake, Naliaka na gauni lake la kanisa, kijiko mapajani. Watu waliotoka kanisani walipita, wakawasalimia kwa heshima, na salamu hizo za heshima ndizo zilizouma zaidi. Walikaa hivyo muda wa kutosha jua kuhama kutoka bega moja kwenda jingine. Mwishowe Kiprugut akapita na Biblia yake, akawaona, akamwambia askari maneno mawili, na askari akaondoka akijifanya kuna mahali alikuwa akienda.

Wasike alimweleza yote. Kiprugut alisikiliza akitazama huku na huku. Kisha akachukua kijiko, akagonga nguzo mwenyewe mara moja, akakirudisha haraka.

"Mzee Wasike, mimi nakuamini. Lakini neno lako ndio liko kwa faili. Imepigwa taipu jana jioni: mgonga magurudumu wa reli, mtu wa ujuzi, amethibitisha. Nani anaweza kuondoa neno lako isipokuwa wewe? Na si kwa sikio langu hapa. Mbele ya Meya, mbele ya watu walewale."

"Nitasema."

"Fikiria kwanza. Wakubwa wako kule stesheni watasikia kwamba Wasike amegonga chuma akakosea. Mtu wa kazi yako hana kitu kingine. Ana masikio tu."

Wasike na mkewe walirudi nyumbani wakijipangusa vumbi. Juma zima alikwenda kazini, akagonga, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili alikuwa akigonga gurudumu mara mbili. Naliaka hakumsukuma. Siku ya Ijumaa alisema neno moja tu, akiwa anachekecha unga wa wimbi, pengine wa mwisho.

"Nimemwandikia Nekesa barua. Sijaituma. Nangoja kesho ndio nijue naandika nini chini."

*

Jumamosi Meya alikuja na vibarua wanane wenye mitaimbo, na gari la zimamoto likawafuata nyuma kwa ajili ya usalama. Landhi nzima ilikuwa nje. Akoth alikuwa ameanza kukunja bati lake. Wasike alikuwa amevaa nguo za kazi, na nyundo yake begani.

Kiprugut akasoma amri. Alipomaliza, Wasike akapiga hatua mbili mbele.

"Bwana Meya. Mimi ni yule fundi."

"Ah! Fundi mzuri." Meya akatoa tena mkono wake.

Wasike hakuushika. Hakukataa kwa jeuri. Aliutazama tu, akaona kwamba akiushika hataweza kusema. "Bwana, siku ile nilisema nguzo ni mzima. Nilikosea. Mimi nimezoea gurudumu. Gurudumu ikiimba, ni mzima. Lakini hii si gurudumu, ni chombo cha maji, na chombo ikiimba, ni tupu. Mke wangu ndiye alinionyesha, na pipa yetu ya nyumbani. Nilikosea mbele ya watu, na sasa nasema mbele ya watu. Hiyo maaskari yote haina maji."

Kiprugut alitafsiri. Akaongeza kwa Kiswahili, ingawa hakuna aliyemtuma: "Isipokuwa ile ya kilabu."

Mtu fulani nyuma alisema, "Wasike amekosea?" kama anayesema mlima Menengai umehama. Wasike alimsikia. Alihisi jina lake likianguka chini, akaliacha lianguke.

Meya angeweza kukasirika na kuwaambia vibarua waendelee; mitaimbo ilikuwa tayari mikononi. Lakini aliamini karatasi zake kweli, na mtu anayeamini haogopi kufungua. Akamgeukia mkuu wa zimamoto. "Fungua hiyo moja. Onyesha yeye maji."

Ilikuwa ile ya hatua kumi kutoka kibanda cha Naliaka. Mkuu wa zimamoto akaleta spana yake ndefu, akaiingiza kichwani, akazungusha. Kutu ililia. Akazungusha tena. Wale waliokuwa mbele walirudi nyuma, wasije wakalowa. Kutoka mdomoni mwa nguzo ikatoka pumzi kavu, kisha vumbi kidogo, kisha, bila haraka yoyote, mjusi.

Akasimama ukingoni, akatazama watu, akashuka na kwenda zake chini ya kibanda cha Akoth.

"Kumbe maji yenyewe iko na miguu," Akoth alisema.

Kicheko kilianza kwa wanawake. Kikaenda kwa vibarua, kikafika kwa mkuu wa zimamoto, ambaye alilazimika kuinama kana kwamba anatafuta kitu ndani ya spana. Meya peke yake hakucheka. Aliisogelea nguzo, akavua kofia, akachungulia ndani. Aliposimama tena, uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipa pesa sokoni na kufungua mfuko nyumbani. Wasike, ambaye alikuwa ametazamwa hivyo hivyo wiki nzima kwenye kioo chake cha kunyolea, alimhurumia.

"Ngapi kama hii?" Meya alimuuliza Kiprugut.

"Kumi na moja, bwana."

"Na siku ile ya moto... nani nazima moto?"

Kiprugut akamtazama Naliaka. Naliaka akajifunga leso vizuri kiunoni. "Uji, bwana."

"Nini?"

"Uji ya wimbi. Galoni kumi. Na hakuna mtu amenilipa mpaka leo."

Meya akazungumza na mkuu wa zimamoto kwa Kiingereza, kwa muda mrefu na kwa sauti ya chini. Kisha akarudisha kofia kichwani. Kiprugut akatafsiri, na safari hii hakusimama kama aliyemeza mti: kontrakta ataitwa ajibu, mabomba yatachimbwa, vibanda vitabaki mahali pake, mradi kila kimoja kiwe na debe la mchanga. Vibarua wanane wasirudi na mitaimbo yao. Jumatatu waje na sururu.

Naliaka aliketi kwenye kigoda chake. Akatoa kifuani ile barua ya kwenda kwa Nekesa, akaomba penseli kwa Kiprugut.

*

Stesheni walimcheka Wasike kwa mwezi mzima. Kila alipopita, mtu alimwita, "Mzima!" na mwingine akaitikia, "Tupu!" Ogola ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya hiyo. Mkaguzi wa mabehewa alimwita ofisini, kisha akampeleka nje, akamgeuza mgongo, na kumwambia mtu mwingine agonge magurudumu ishirini. Wasike akayasema yote, na wagonjwa wawili aliwajua kabla nyundo haijainuka mara ya pili. Mkaguzi akamwambia arudi kazini na aachane na mabomba.

Uchimbaji ulichukua wiki tano. Mtaro ulipita mbele ya vibanda kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu arobaini waliokuwa ndani yake walikuwa na njaa asubuhi na mchana. Naliaka hakuwahi kuuza namna hiyo. Alinunua sufuria ya pili. Kuhusu Meya, alihutubu tena mwezi wa Mei, akatangaza pauni nyingine mia nne kwa usalama wa lokesheni, na akasema ni yeye aliyegundua kasoro. Watu walimpigia makofi. Ogola alisema mtu akiweka maji, hata akisema ameyanyesha mwenyewe kama mvua, mwache aseme.

Alasiri moja Wasike alitoka zamu, nyundo begani. Mtaro ulikuwa umefukiwa, udongo bado mwekundu. Kibandani, Naliaka alikuwa akimpimia mtu uji, na kwenye ubao juu ya kichwa chake ilikuwa imebanwa barua ya Nekesa, iliyokuja siku hiyo kutoka bweni. Wasike akapita moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Akatazama huku na huku, askari asiwepo. Akagonga.

Pu.

Sauti fupi, nzito, iliyokufa palepale ilipozaliwa. Maisha yake yote alikuwa akiiogopa. Sasa aliigonga tena, ili aisikie tu.

"Mgonjwa?" Naliaka aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Mgonjwa kabisa," Wasike alisema, akaja akaketi, akaomba uji.